Boston Bruins 2022/23: pointi 135, na nje raundi ya kwanza

Hakuna timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, iliyowahi kuvuna pointi nyingi kama Boston Bruins msimu wa 2022/23: mechi 82, ushindi 65, pointi 135. Rekodi ya Montreal Canadiens, pointi 132, ilikuwa imedumu tangu 1977. David Pastrnak peke yake alifunga mabao 61. Halafu Florida Panthers, waliopenya mtoano kwa pointi 92 wakishika nafasi ya mwisho ya kufuzu upande wa Mashariki, wakawatoa raundi ya kwanza kwa mechi 4–3, ilhali Boston walikuwa wakiongoza 3–1.

Wengi husema kisa cha kutolewa huko ni majeruhi. Sikubaliani. Nahodha Patrice Bergeron alikosa mechi nne za kwanza kwa maumivu ya mgongo, na Boston walishinda tatu kati ya hizo. Aliporudi ndipo walipopoteza tatu mfululizo.

Tazama mabao: Boston 27, Florida 26. Washambuliaji walifanya kazi yao. Lakini kufungwa 26 katika mechi saba ni karibu manne kila mechi, na hii ndiyo timu iliyoruhusu mabao machache kuliko zote msimu mzima!

Kwangu mimi, mzizi uko kwa makipa. Msimu mzima kocha Jim Montgomery aliwapokezanya: Linus Ullmark alicheza mechi 49, Jeremy Swayman 37. Kila mmoja alipata muda wa kupumzika, na katika hoki ya barafu hilo si dogo, kwani kipa hucheza dakika zote 60 akiinuka na kupiga magoti huku amebeba vifaa vizito. Mtoano ulipoanza, mpango huo ukaachwa. Ullmark akaanza mechi sita mfululizo. Swayman akaitwa kwenye ya saba, baridi kabisa, siku ambayo kosa moja linamaliza msimu. Paul Maurice, kocha wa Florida, hakungoja hivyo: kipa wake Alex Lyon alipoyumba mechi ya tatu, Sergei Bobrovsky aliingia na kubaki langoni hadi mwisho.

Tatizo la pili ni kupoteza kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, kwenye eneo lao wenyewe. Florida hukaba juu sana. Fowadi mmoja hukimbilia nyuma ya goli kumbana beki, wa pili huziba njia ya pasi inayopita kando ya ukuta wa uwanja, na beki akisita tu, kisahani kimekwenda. Bao la muda wa nyongeza la mechi ya tano lilizaliwa hivyo hivyo: Ullmark alicheza kisahani nyuma ya goli lake, kikanaswa, na Matthew Tkachuk wa Florida akamaliza. Mechi ya sita Boston waliongoza 5–4 kipindi cha tatu, wakalala 7–5.

Mechi ya saba, 30 Aprili 2023, Boston waligeuza 0–2 kuwa 3–2. Ikibaki kama dakika moja, Florida walimtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji wa sita, na Brandon Montour akasawazisha. Carter Verhaeghe, naye wa Florida, akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza.

Gharama yake ilikuwa nzito. Kabla ya dirisha la usajili kufungwa, Boston walikuwa wametoa haki yao ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza ya mgawo wa wachezaji wa 2023 katika biashara iliyomleta Dmitry Orlov, na ya mgawo wa 2024 katika ile ya Tyler Bertuzzi. Kiangazi hicho wote wawili waliondoka, na Bergeron na David Krejci wakastaafu, kwa hiyo Boston wakaanza msimu uliofuata bila senta (washambuliaji wa kati) wao wawili wakuu.