Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Stadi za Mawasiliano kwa Kiingereza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu

Saa 11:00 alfajiri
Nasahihisha kabla watoto hawajaamka, maana usiku nasinzia juu ya karatasi. Kalamu yangu haigusi kila kosa. Nikikuta mama wa mwandishi ameitwa "he", napiga mstari mara moja na kuendelea. Mtu aliyekua akisema "amekuja" kwa baba na kwa mama atakosea hilo kwa muda mrefu. Sentensi isiyoeleweka ndiyo inayonisimamisha. Wapo wenzangu wanaoniona mlegevu, lakini insha ikirudi imejaa wino mwekundu mwanafunzi haisomi. Anatafuta alama, anaikunja, anaondoka.

Saa 1:00 asubuhi
Mhadhara. Ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi: wa ualimu, wa sheria, wa uhasibu. Kozi ni ya lazima, alama 40 za kozi weki (kazi za muhula) na 60 za UE, mtihani wa mwisho, kwa hiyo hakuna anayeidharau waziwazi. Mada ya leo ni kuchukua noti, na nusu ya ukumbi haikushika kalamu; wanasubiri slaidi ziingie kwenye grupu la WhatsApp zigeuke madesa, noti za kukariri. Nikazima projekta. Nikasoma aya moja polepole, nikairudia, nikawaambia waandike maneno kumi tu, kisha kila mtu amsimulie jirani yake nilichosoma. Kelele zikawa za sokoni. Umati wa namna hii siwezi kuufundisha kuzungumza Kiingereza, ila kusikiliza naweza.

Saa 3:00 asubuhi
Chai, chapati mbili na mzee wetu wa idara, ambaye hupenda kusema kwamba enzi zao mtoto wa fomu tuu alikuwa anamwaga Kiingereza. Yeye alikuwa sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nikamkumbusha kwa heshima zote kwamba mwaka 1982 Tume ya Makweta, tume ya rais ya elimu, ilipendekeza sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili, na mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliandika kuwa Kiingereza cha wanafunzi wetu hakitoshi kusomea masomo mengine. Wanafunzi wenyewe ndio kina yeye.

"Mimi hawakunipima," akasema, akaomba sukari.

Pendekezo la Tume halikutekelezwa. Wengi wa hawa ninaowafundisha walisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, wakafika fomu wani wakakuta biolojia, historia na jiografia zote zimehamia lugha nyingine. Miaka sita ya sekondari wakakariri. Sisi tunapewa muhula mmoja.

Saa 4:00 asubuhi
Semina, na hii ndiyo saa ninayoipenda. Hoja: bodaboda ziruhusiwe kuingia katikati ya jiji au zisiruhusiwe? Kwa Kiingereza, kimya. Mmoja akasimama, akasalimia, akataja jina lake na kozi yake, akashukuru kwa nafasi aliyopewa, akakaa. Hoja hakuitaja.

Nikawaambia: "Dakika kumi, Kiswahili ruksa."

"Madam, si tutazoea?" akauliza binti wa mstari wa mbele.

"Umeshazoea tangu utotoni, mwanangu. Ongea."

Chumba kikawaka. Mwenye kaka dereva akapandisha sauti, aliyegongwa Kariakoo akapandisha zaidi. Nilichokuwa nasikiliza ni kitu kingine, na kilikuwa kilekile cha kila semina: hata kwa Kiswahili walikuwa wanarudia dai badala ya kulitetea. "Zisiruhusiwe kwa sababu hazifai." Kwa nini hazifai? "Kwa sababu ni vurugu." Nikauliza "kwa nini" na "mfano gani" mpaka wakaanza kuulizana wenyewe bila mimi.

Kisha kila mmoja akaandika kwa Kiingereza sentensi tatu tu: dai, sababu, mfano. Kijana mmoja aliyesoma shule za Kiingereza tangu chekechea alisoma yake kama mtangazaji wa redio. Ilipendeza, na ilikuwa dai lilelile mara tatu. Mwenzake wa shule ya kata alisoma kwa kujikwaa, vitenzi vimevurugika, lakini alisema bodaboda zisiondolewe kabla daladala hazijaanza kufika mitaa ya ndani, akatoa mfano wa mama yake anayepeleka samaki sokoni alfajiri. Nikaiandika ubaoni kama ilivyo, tukarekebisha vitenzi pamoja. Hoja haikuhitaji kuguswa.

Mtaala unataka semina iendeshwe kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Zile dakika kumi ni zangu, na sitaziacha.

Saa 8:00 mchana
Ofisini tupo wanne, meza mbili. Kijana aliingia, "Shikamoo madam," akaulizia alama zake. Insha yake ilikuwa ya foleni za Dar es Salaam, Kiingereza kimenyooka, na ilishauri wananchi wapande treni za chini ya ardhi.

"Hizo treni zinapita wapi, Gongo la Mboto?"

Akacheka, akainamisha kichwa. ChatGPT. Alikuwa na rasimu yake mwenyewe kwenye simu, ya kutoka Chanika alfajiri kuwahi kipindi, lakini aliona aibu kuileta. Nikaisoma. Ilikuwa ya kweli, na ilikuwa mbovu: malalamiko aya mbili, sababu hakuna. Nikamrudishia aiandike upya hiyohiyo, foleni inasababishwa na nini pale anapopita yeye. Hakufurahi. Alitegemea ukweli peke yake utampa alama.

Saa 10:00 jioni
Foleni ya barua za kuombea fildi, mafunzo kwa vitendo. Karibu zote zinaanza na "Refer to the heading above," maana shuleni tulikaririshwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Nafuta, naandika pembeni: sema unaomba nini.

Saa 12:00 jioni
Daladala, nimesimama mpaka Goba. Ugali, dagaa, kazi za shule za watoto.

Saa 3:00 usiku
Ujumbe wa CR, kiongozi wa darasa: "Samahani madam kwa usumbufu, watu wanauliza test itakuwa na maswali ya kuchagua?"

Hakuna kuchagua. Mtaandika aya tatu.

Akanyamaza kidogo, kisha: "Na zile dakika kumi za Kiswahili zitakuwepo?"

Nikamjibu kwamba karatasi ya rafu ni ya mwanafunzi, aandike kwa lugha anayoitaka, hata Kisukuma. Nitakayoisahihisha ni ile safi.