Asilimia za Korasi

Wimbo ulikuwa umeshaanza kupigwa kwenye daladala ndipo meneja wa msanii aliponipigia simu: njoo studio Kinondoni tujaze fomu ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kazi isajiliwe. Nikaona jambo dogo. Beti mbili kaandika msanii, korasi nimeitunga mimi pale pale kwenye kochi, biti ya prodyuza. Watu watatu, tugawane, twende zetu.

Kumbe kila mtu alikuja na hesabu zake. Meneja alikuwa ameshajaza: mtunzi, jina la msanii, asilimia 100. Nilipouliza, akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, si tulikutoa kidogo siku ile?" Tulikutoa! Ile ilikuwa hela ya chakula na bodaboda. Prodyuza naye akadakia kwamba bila kinanda chake hiyo korasi nisingeiota, kwa hiyo nusu ya wimbo ni yake, maneno tugawane sisi.

Nikatoa simu. Nina tabia ya kurekodi kila ninapotunga, maana melodi hupotea upesi kuliko ndoto. Nikabonyeza. Friji ya studio inanguruma, mtu anakohoa, halafu mimi naimba "na-na-na" bila maneno. Ila kabla yangu linasikika gitaa. Sauti ile ile, kupanda na kushuka kule kule. Mimi nalifuata tu. Prodyuza akaangalia chini. Lile gitaa lilipigwa na mzee mmoja wa bendi za zamani za dansi, aliyeitwa kupiga vipande viwili akapewa nauli.

"Yule alishalipwa," meneja akasema.

Hapo ndipo kwenye utata wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtenganisha mtunzi na mpigaji: aliyepiga tu ana hakishiriki, yaani haki kwenye kile alichorekodi, ila aliyebuni melodi ni mtunzi hata kama hajaandika neno moja. Studio zetu nyingi hazijali. Mwenye sura kwenye video ndiye mwenye wimbo.

Tukampigia, simu ikawekwa spika. "Shikamoo mzee." "Marahaba, wanangu, kuna kazi?" Tulipomweleza akacheka sana. Enzi zao, akasema, wimbo ulikuwa wa bendi. Ukihama bendi unauacha. Halafu akatupa mfano wa "Malaika": Fadhili William wa Kenya aliurekodi, jina lake likaenea, Miriam Makeba akauimba, Boney M. wakauimba, huku Adam Salim wa Tanzania akidai yeye ndiye aliyeutunga tangu 1945. "Mpaka leo watu wanabishana, na wote wawili hawapo. Niwekeeni kidogo tu, ila jina liandikwe."

Mabishano yaliendelea mpaka swala ya magharibi. Meneja alishuka shingo upande, kumi kumi, kama muuza mitumba wa Karume. Tulipoafikiana, msanii alikuwa na 40, prodyuza 25, mimi 25, mzee 10. Kwangu mimi kumi ilikuwa ndogo kwa gitaa lile, na nilisema, lakini sikuwa tayari kutoa zangu.

Meneja akashika kalamu, akauliza jina kamili la mzee kama lilivyo kwenye kitambulisho. Tukatazamana. Sote tulikuwa tunamwita Mzee Solo. Ikabidi tumpigie tena.