Si kila tumbo ni taifodi

Huku kwetu Kisumu ukisema tu tumbo inasumbua, jibu liko tayari: taifodi, ama amiba, ama alsa. Unatolewa damu kidogo kwa maabara ya mtaa, jioni unaenda nyumbani na antibayotiki, baada ya muda tumbo inafura tena. Inaniuma sana nikiona watu wanazungushwa hivyo miaka, kwa sababu kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi, peke yake hakiaminiki, hasa sehemu kama hizi zetu zenye taifodi iko kila mahali.

Daktari mwenye alinisikiliza mpaka mwisho ndiye aliniambia yangu ni IBS (irritable bowel syndrome), shida ya vile utumbo unafanya kazi. Yaani hata wakiangalia ndani na kamera hawaoni kidonda, ni mawasiliano ya tumbo na ubongo ndiyo yamevurugika, gesi kidogo tu unasikia uchungu mwingi. Waliniuliza kama uchungu unakuja angalau siku 1 kwa wiki kwa miezi 3, na kama unaendana na choo, maana mara unaendesha, mara choo imegoma kabisa.

Sasa chakula. Watu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wamechunguza sana zile sukari zenye utumbo hauzinyonyi vizuri, zinashuka chini bakteria wanazichachusha, gesi inajaa. Ziko kwa vitunguu, saumu, maharagwe, ngano na maziwa. Ugali, wali, samaki, mayai, sukuma, hizo hazina neno, shida ni kitunguu chenye tunakaangia kila kitu! Siku hizi omena nakaanga na nyanya, tangawizi na yale majani ya kijani ya kitunguu tu, na ni tamu ajabu. Nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, sijaacha, maharagwe naloweka usiku kucha, namwaga maji, nachemsha na mengine, halafu nakula kidogo. Na usikatae vyote milele jamani, ni wiki 2 hadi 6 tu, kisha unarudisha kimoja kimoja ujue chako ni kipi.

Mawazo pia, wakati wa karo tumbo huchafuka hata kama sijala kitu kibaya.

Lakini ukiona damu kwa choo, unakonda bila sababu, una homa, damu imepungua, unaamshwa usiku na kuendesha, ama imeanza ukiwa umepita miaka 50, usiseme ni IBS, enda hospitali wakupime vizuri, choo na damu, kabla umeze dawa yoyote.