Umetunyang'anya Mvua

Tangu Jumamosi nimekuwa nikiyajibu maneno ambayo aliyeyasema hakusubiri jibu. Nayajibu nikiwa kwenye daladala ya Igoma, nayajibu nikiwa nimeinamia mitambo kazini, na juzi usiku Baba Kulwa aliniuliza nazungumza na nani jikoni ilhali watoto wamekwisha kulala. Nilimwambia nahesabu dagaa.

Waliofuatilia habari za sanduku langu jeupe, la spika nililolitengeneza lihimili mvua, wanajua kwamba siku ya kuvunja kikoba cha kina mama wa Igombe ndiyo niliyokuwa nikiisubiri. Sikuiombea mvua, ingawa Doto anaapa kwamba aliniona nikiyatazama mawingu kwa tamaa. Desemba vuli inakuwa haijaisha, na mkusanyiko wa ufukweni uliopita bila mvua usingenionyesha chochote ambacho ndoo za maji pale uani hazikuwa zimekwisha kunionyesha.

Mvua ilikuja. Wingu liliinuka upande wa Ukerewe mgeni rasmi akiwa ndiyo kwanza anaingia ukurasa wa pili wa hotuba yake. Miaka mingine yote, hapo ndipo mwenye muziki wa kukodi huruka na turubai, huzima jenereta, na mshereheshaji hutangaza kwa mdomo mtupu kwamba chakula kiko tayari. Safari hii hakuna aliyeruka. Sanduku lilikaa juu ya mwamba likinyeshewa, sauti haikukwaruza hata kidogo, na mgeni rasmi, ambaye mwavuli wake ulikuwa umeshikwa na kijana mmoja mwenye subira, alilitazama sanduku, akawatazama kina mama waliokuwa wakiburuta viti vya plastiki kwenda kujibana chini ya turubai lisilowatosha, kisha akasema kwamba maadamu teknolojia imetuwezesha, ataendelea. Akaendelea kweli. Aliirudia historia ya vikundi vya kuweka na kukopa tangu mwanzo, akapita kwenye nidhamu ya marejesho, akafika hadi kwenye lishe ya watoto walio chini ya miaka mitano, na muda wote huo kipaza sauti mkononi mwake kilikuwa kimevalishwa kofia ya kuogea ya maua ya waridi niliyoinunua kwa kazi hiyo.

Alipomaliza, nilikuwa nimesimama karibu na masufuria. Shangazi, ambaye kama mnavyojua ndiye mweka hazina, alinijia huku akikamua pindo la khanga yake, daftari la kikundi akiwa amelificha kifuani lisilowe. Nilikuwa nimekwisha kuandaa uso wa kupokea pongezi.

"Mwanangu," alisema, "umetunyang'anya mvua."

"Shangazi, si nimewaletea sauti?"

"Sauti tulikuwa nayo."

Akachukua sahani akaenda kwenye pilau.

Hayo tu. Hakukunja uso wala hakucheka. Nimeyapima maneno hayo kwa kila namna. Baba Kulwa anasema ule ni utani wa kawaida, kwamba Shangazi akiudhika huwa hasemi kwa kifupi. Kulwa anasema ni sifa iliyofichwa, kwa sababu huwezi kumnyang'anya mtu mvua kama kifaa chako si imara. Doto hasemi kitu, ila kila nikiingia sebuleni anakamua pindo la nguo isiyo na maji na kutoka kuelekea jikoni kwa mwendo wa Shangazi hasa. Nilicheka mara ya kwanza. Kinachonikera zaidi ni lile jibu langu, "si nimewaletea sauti," ambalo kila nikilirudia linazidi kusikika ni la muuza redio.

Kwa kuwa Shangazi hasomi mambo haya, naomba nijitetee hapa kwa yale ninayoyajua. Sanduku hilo halikutengenezwa kwa ajili ya hotuba. Lilitengenezwa kwa sababu mwambao wetu mzima hukutana nje, misiba, mikesha, ubatizo, mikutano ya wavuvi, na vifaa tunavyokodi vilibuniwa kwa ajili ya kumbi. Ukumbini kuta hurudisha sauti na hasa besi. Ufukweni hakuna ukuta, na kila umbali unapozidi mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Spika inayotoa desibeli 102 ukiwa mita 1 kutoka kwake, ukisogea hadi mita 32 inakufikia kwa desibeli 72 hivi, na hapo bado hujaweka mawimbi, watoto na mafuta yanayochemka. Ndiyo maana nililiweka sanduku likiupa ziwa mgongo, kwa sababu mchana upepo wetu hutoka ziwani kuja nchi kavu, na sauti husafiri vizuri zaidi inapofuata upepo kuliko inapopingana nao.

Ndani mna betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, seli 4 za volti 3.2, yaani volti 12.8, yenye uwezo wa amp-saa 20. Hiyo ni kama wati-saa 256, na kwa mazungumzo na nyimbo za kawaida, ambapo wastani wa matumizi ni wati 20 hivi, inatosha kutwa nzima bila jenereta. Amplifaya ni ya daraja D, kwa sababu aina hiyo hupoteza umeme kidogo sana kwa njia ya joto, na joto ndilo adui wa sanduku lisilo na matundu. Hata hilo dogo linalobaki nimelipa njia kupitia bamba la alumini lililo mgongoni, ambalo upande mmoja limegusana na amplifaya na upande wa pili linapigwa na upepo. Spika zenyewe ni za koni ya plastiki na ukingo wa raba, jamii ya zile zinazofungwa kwenye boti, kwa sababu koni ya karatasi ikilowa haisameheki. Sikuweka lile tundu la kuongeza besi. Kulwa alilalamika sana juu ya hilo, lakini tundu la kutolea besi ni tundu la kuingizia mvua.

Ganda ni plaiwudi iliyovalishwa kitambaa cha faiba na gundi yake, kazi ya yule fundi wa mitumbwi wa Igombe niliyemwelezea safari iliyopita, ambaye alilizunguka sanduku akiligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kisha akaniambia nisihangaike na ubao, nihangaike na maungio. Rangi nyeupe nilichagua mimi, na si kwa urembo. Sanduku jeusi kwenye jua la Mwanza lingeipika betri.

Jambo ninalojivunia zaidi, hata hivyo, ni tundu dogo kuliko yote, ambalo hakuna aliyeliona. Wenzangu tunaofanya kazi kwenye vyumba vya baridi watanielewa upesi. Ukifunga mlango wa chumba cha kugandishia samaki, hewa ya joto iliyoingia hupoa, hunywea, na mlango hukataa kufunguka kwa muda. Ndiyo maana vyumba hivyo huwekewa vali ya kusawazisha hewa. Sanduku la spika lililozibwa kabisa linapatwa na hali hiyo hiyo. Likipigwa na jua hewa ya ndani inaweza kufika nyuzi 45. Mvua ikianguka ghafla na kuishusha hadi 25, kanieneo cha ndani hupungua kwa asilimia 6 hivi, na hapo sanduku hunyonya kwa nguvu inayolingana na kuzamishwa zaidi ya nusu mita ndani ya maji, mvua yenyewe ikiwa ni ya kupita tu. Silikoni iliyopakwa kwa haraka haiwezi kushindana na hilo. Wengi wanaoziba kila upenyo kisha wakashangaa kukuta maji ndani huwa hawajavujiwa, sanduku limekunywa. Dawa yake ni kuliacha livute hewa kupitia utando unaoruhusu hewa na kuyazuia matone, na mimi utando wangu niliuchomoa kwenye taa ya mbele ya gari iliyovunjika, kwa sababu baadhi ya taa za magari hupumua kwa njia hiyo hiyo.

Sikuandika namba yoyote ya kinga ya maji kwenye sanduku, kama wanavyofanya wauzaji wa spika ndogo pale mjini. Katika namba kama IP67, tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji, na hiyo 7 maana yake ni kwamba kifaa kimezamishwa mita 1 kwa dakika 30 kikatoka salama. Mimi nilikuwa na ndoo, mpira wa bustani na Doto.

Na ieleweke kwamba mvua ya Jumamosi haikuwa na radi. Ingenguruma hata mara moja ningezima mwenyewe na kuwaondoa watu wote ufukweni, mgeni rasmi awe wa kwanza, kwani eneo hili la ziwa lina radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani na hakuna raba inayosaidia hapo.

Jumapili jioni, baada ya ibada, nililifungua. Wiki hii kompresa kubwa kazini iliungua na Baba Kulwa amepata uhamisho wa kwenda Geita, na hayo nitayaandika siku yake, lakini tukio la wiki kwangu lilikuwa kulegeza skrubu zile nane za kifuniko. Nilikuwa nimebandika vipande vya karatasi ya chooni kwenye kila pembe ya ndani, kwa sababu karatasi hiyo hujikunyata na kuacha alama hata ikiguswa na unyevu mdogo. Vyote vilikuwa vikavu. Kile cha pembe ya chini kushoto, niliyokuwa nikiihofia, kilichanika mkononi kwa ule mlio mwepesi wa karatasi mpya. Nilimwita Kulwa aje aone. Alikuja, akaona, akauliza kama sasa tunaweza kuongeza tundu la besi.

Wakati nabandika vipande vipya ndipo nilipoikumbuka mvua ya mwaka jana. Mwenye muziki alikuwa ameshakimbilia jenereta lake, na kina mama wote wakahamia kwenye kile kibanda cha kuhifadhia dagaa, kile chenye bati lililotoboka. Tulikuwa tumebanana hata mikono haiwezi kuinuka. Mmoja alianza wimbo, wa pili akamdakia, na Shangazi, ambaye mkutanoni husoma mapato na matumizi kwa sauti isiyopanda wala kushuka, aligeuza beseni tupu akalipiga kwa viganja mpaka mvua ilipokatika. Baadhi yao walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mkopo mmoja uliochelewa. Mgeni rasmi wa mwaka ule simkumbuki hata sura, wala kama alifika.

Baada ya hapo nilibadilika. Sikuacha kuyajibu yale maneno, ila nilianza kuyajibu kwa kalamu. Nilichora swichi yenye kofia ya raba, mwishoni mwa waya wa mita 20, inayoweza kukaa chini ya meza ya mweka hazina pasipo kuonekana. Haikati umeme ghafla, maana kishindo chake kingemfichua aliyeibonyeza. Inanyamazisha amplifaya polepole kwa msaada wa kapasita, sauti inafifia kidogo kidogo, na nimeongeza mkwaruzo mwembamba unaotangulia kufifia huko. Sijapata kutengeneza kitu cha kihuni kiasi hiki, na nimekifurahia kuliko betri, faiba na utando wa taa kwa pamoja.

Alhamisi Shangazi alipiga simu kuulizia sufuria lake, ambalo kwa kweli liko kwangu. Nilimpa shikamoo, tukalimaliza la sufuria, nikamweleza kuhusu swichi. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limemwishia.

"Ikizimika," aliuliza hatimaye, "watajua ni mimi?"

"Watajua ni mvua, Shangazi."

"Machi tuna mkutano mkuu," alisema. "Uwe umeimaliza." Akakata.

Nimekwisha kununua waya.

Ningelala vizuri leo kama si habari za mdogo wangu wa Kigongo. Mnakumbuka alivyokuwa akiuza mahindi ya kuchoma na karanga kwenye foleni ya kivuko, na jinsi alivyokuwa akisema kwamba abiria aliyechoka kusubiri hula chochote. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mabasi ya Sengerema na Geita yanapita juu ya zile kilometa 3 bila kukanyaga breki, na sote tumelishangilia, mimi nikiwamo. Kila nikimpigia ananiambia biashara inaenda, anaharakisha kuulizia watoto, na hajaniomba hela tangu Oktoba. Huyo si yeye. Jumatatu Baba Kulwa anaanza safari ya kwenda kuripoti kituo kipya na atapita papo hapo. Nimemwomba ashuke amtazame kwa macho yake, akaniahidi kwamba atashuka, ingawa kondakta aliyemkatia tiketi amemwambia kuwa basi lao Kigongo halisimami tena.