Homa ugenini

Usiku wa tatu wa homa nilitaka kitu kimoja tu: uji wa mchele, mwepesi, wenye chumvi kidogo. Dawa nilikuwa nazo mezani. Nilitaka kile nilichonyweshwa utotoni, kikombe kimeshikwa na mkono wa mtu mwingine.

Nikajifunika shuka, nikajikokota hadi dukani. Maandishi yote yalikuwa ya lugha nisiyoisoma, basi nikawa natikisa pakiti sikioni mpaka nikasikia mchele. Muuzaji alinitazama macho yangu mekundu, akatia kipande cha tangawizi kwenye mfuko, akakataa kulipwa. Machozi yalinilengalenga.

Kikombe 1 cha mchele, maji vikombe 8, moto mdogo, na kukoroga mara kwa mara. Baada ya karibu saa nzima punje zikapasuka. Pua ilikuwa imeziba, na bila harufu ladha nyingi hupotea, lakini chumvi niliihisi ulimini, tangawizi ikachoma koo kwa upole, na mvuke ukanifungulia pumzi. Nilikunywa bakuli mbili nimeketi sakafuni, kando ya jiko. Nikapitiwa na usingizi papo hapo, taa ikiwaka.