Nilivyomnywesha mtoto anayeharisha, soda nikaiacha kwenye friji

Mtoto akiharisha, washauri hawakosekani. Mmoja aliniambia nimnyime maji ili choo kikauke, mwingine akaja na soda, wa tatu akataka chumvi iongezwe "iwe na nguvu". Niliwashukuru wote, nikaingia jikoni.

Soda ya kola ina sukari zaidi ya gramu 100 kwa lita, na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, kiduchu tu. Pakiti ya ORS, yaani unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ya lita moja ina glukosi (aina ya sukari) gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, na potasiamu kloraidi (chumvi yenye madini ya potasiamu) gramu 1.5, pamoja na sitreti, chumvi ya asidi ya limau. Sukari ikijaa utumboni kiasi cha soda, huvuta maji kutoka kwenye damu, na kuhara kunazidi. ORS ina miliosmoli (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka) 245 kwa lita, chini kidogo ya damu yenye kama 290, kwa hiyo maji yanaelekea mwilini.

Utando wa seli za utumbo mwembamba nao una mlango usiomfungulia mgeni aliyekuja peke yake: glukosi moja huingia na sodiamu mbili, maji yakafuata. Hata kipindupindu, pamoja na kuufanya utumbo umwage maji kwa ndoo, hakiufungi mlango huo. Maji matupu hayana hao wageni. Tena yakinywewa mengi bila chumvi, sodiamu ya damu hushuka na seli za ubongo huvimba.

Yule wa chumvi ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Sodiamu ikizidi kwenye damu, maji hutolewa ndani ya seli, za ubongo zikiwemo, na mtoto anaweza kupata degedege. Kwenye chumvi hakuna kukadiria.

Pakiti hazikuwepo, nikapima: maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Vijiko vya kabatini havilingani, hivyo nilitumia kile cha plastiki kinachokuja na dawa ya sirapu, chenye alama ya mililita 5 na ya 2.5. Ile ya 2.5 ndiyo nusu ya chumvi, bila ubishi. Sukari niliisawazisha kwa mgongo wa kisu, maana kijiko chenye mlima kinaweza kubeba karibu mara mbili. Maji niliyapima kwa chupa ya lita moja. Wengi huchukua ya lita moja na nusu, wakaishia na mchanganyiko mwepesi. Kisha onja: yakipita chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Yaliyobaki baada ya saa 24 ni ya kumwaga pia.

Pakiti zikipatikana, usigawe unga nusu kwa nusu. Haujachanganyika sawasawa, nusu moja inaweza kubeba chumvi nyingi.

Mchanganyiko wa nyumbani hauna potasiamu, kwa hiyo niliponda ndizi mbivu. Dafu lina potasiamu tele lakini sodiamu chache. Halishiki nafasi ya ORS.

Akitapika, watu huacha kumnywesha. Mimi nilisubiri dakika 10, nikaanza kijiko kimoja kila dakika mbili. Mkono unachoka na usingizi unakukaba, lakini tumbo linalorudisha kikombe hupokea kijiko. Akitulia, chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo. Kuanzia miwili hadi 10, mililita 100 hadi 200. Ziwa la mama haliachwi.

Nilikuwa nikibana ngozi ya tumbo na kuachia. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, au macho yamezama na mtoto amelegea hawezi kunywa, au choo kina damu, vijiko pekee havitoshi, kimbia hospitali. Huyo anaweza kuhitaji dripu. Ukiwa huko uliza vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumeshakoma.