Kura moja dhidi ya 388

Jana nilimpeleka shangazi kutembelea Jengo la Bunge pale Washington. Miguu ilishaniuma, nikasimama kupumzika karibu na sanamu ya shaba ya mama mmoja. Chini yake pameandikwa kwamba hawezi kupigia kura vita. Jeannette Rankin, wa Montana. Shangazi akauliza, "Huyu naye alifanya nini?" Nikabaki namung'unya maneno.

Usiku nikasoma mpaka simu ikazima chaji. Alichaguliwa Novemba 1916, mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Marekani, wakati majimbo mengi bado yanawanyima wanawake kura. Aprili 1917, akiwa na siku chache tu kazini, akakataa vita dhidi ya Ujerumani. Wenzake 49 walikataa pia, lakini lawama nyingi akabebeshwa yeye. Mnashangaa? Mimi sishangai.

Akarudi bungeni 1941, na kama vile vita vilikuwa vinamsubiri: Desemba 8, siku moja baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, Bunge likapiga kura ya kuingia vitani na Japani: 388 kwa 1. Hiyo moja ni yake. Watu wakamzonga hadi akajifungia kwenye kibanda cha simu, akaita polisi wa Bunge waje wamtoe.

Mimi kwenye kikao cha ukoo tu huwa nanyoosha mkono nikishaona wengine wamenyoosha.

Leo asubuhi nimemsimulia shangazi. Akaweka kikombe chini. "Sasa hicho kibanda mbona hukunionyesha?"